Ukurasa wa Mwanzo Unapobadilishwa Bila Kuombwa: Mwongozo kwa Mtumiaji na Mwenye Tovuti

Ukurasa wa mwanzo ni mlango wa tovuti. Mtu anayeupitia kila siku hauangalii tena: mkono wake unajua kisanduku cha kutafutia kiko kona ipi, kama mpishi anavyoifikia chumvi jikoni bila kugeuza shingo. Mwenye tovuti anapoupanga upya ukurasa huo, kwa rangi nyingine, menyu nyingine na mpangilio mwingine, mkono huo hukosa pa kushika. Ndiyo maana karibu kila badiliko kubwa la ukurasa wa mwanzo hupokewa kwa malalamiko, hata pale ambapo wasanifu wamefanya kazi nzuri.

Malalamiko hayo hayana uzito sawa. Mengine huisha yenyewe baada ya majuma machache, na mengine huiangusha tovuti nzima. Anayejua kuyatofautisha, awe mtumiaji au mwenye tovuti, anajua pia la kufanya.

Hasara tatu ndani ya lalamiko moja

Hasara ya kwanza ni ya mazoea. Kila kitu kipo, ila kimehama. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu kadiri wanavyokutana nacho mara nyingi. Ukurasa wa zamani umeonekana mara elfu, na mpya umeonekana mara moja, kwa hiyo mashindano hayako sawa tangu mwanzo. Utafiti mwingine mashuhuri, uliochapishwa mwaka 1990 na Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, ulionyesha kwamba watu waliopewa vikombe bure walidai bei ya mara mbili hivi au zaidi ya ile ambayo wasiopewa walikuwa tayari kuvinunulia. Mtu hukithamini zaidi kitu kikishakuwa chake. Mtumiaji wa miaka mingi huuona ukurasa wa zamani kuwa mali yake, ingawa hati ya umiliki anayo mwingine.

Hasara ya pili ni ya kazi. Hapa kitu hakikuhama, kimeondolewa au kimefanywa kigumu. Orodha iliyofunguka kwa kubonyeza mara moja sasa inataka kubonyezwa mara nne, au maandishi yamefifia hata mwenye macho dhaifu hayasomi. Pengine ukurasa umekuwa mzito, unakula bando na kukwama kwenye simu ya bei nafuu. Hasara hii haiponi kwa kuzoea. Mtumiaji akishaujua ukurasa mpya vizuri, ndipo anapoona wazi zaidi kile kilichopotea.

Hasara ya tatu ni ya imani. Badiliko limefichua kilichokuwa cha faragha, au limeonyesha kwamba mwenye tovuti sasa anamtumikia mtu mwingine. Huenda vitufe vikawa mahali palepale na kazi zote zikafanyika, lakini mtumiaji anaondoka na neno moja moyoni: hapa sihesabiwi.

Mtu aliyekasirika huzitaja hasara hizi tatu kwa sentensi moja, kwamba ukurasa mpya ni mbaya. Kazi yote inaanza kwa kuivunja sentensi hiyo vipande.

Visa viwili vya kupimia

Tarehe 5 Septemba 2006, Facebook, iliyokuwa bado mtandao wa wanafunzi zaidi ya kitu kingine, ilibadilisha ukurasa wake wa mwanzo na kuweka News Feed. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua habari za rafiki yake alilazimika kuufungua ukurasa wa rafiki huyo. Sasa kila badiliko la kila rafiki lilipangwa katika mkondo mmoja ambao wote waliuona mara walipoingia. Katika siku chache, mamia ya maelfu ya watumiaji walijiunga na vikundi vya kupinga, tena ndani ya Facebook yenyewe, na mkondo uleule uliopingwa ndio uliozieneza habari za upinzani. Mark Zuckerberg aliwajibu kwanza akiwataka watulie. Siku tatu baada ya uzinduzi aliandika tena, safari hii akiomba radhi, na kampuni ikaongeza mipangilio ya kumwezesha kila mtu kuchagua kipi kionekane kwenye mkondo.

Hasira ile ilikuwa na mazoea ndani yake, lakini kiini chake kilikuwa imani. Kuonekana na anayekuja kutazama si sawa na kutangazwa kwa wote. Mipangilio ya faragha iligusa jeraha lenyewe, na mazoea yakafanya yaliyobaki. Mkondo ulidumu na ukawa moyo wa mtandao huo.

Digg ilikwenda njia nyingine. Ilikuwa tovuti ya Marekani ambamo watumiaji walileta viungo vya habari na kuvipigia kura, na zilizopata kura nyingi zikapanda ukurasa wa mwanzo. Tarehe 25 Agosti 2010 ilizindua toleo lake la nne. Kitufe cha kuzika habari mbovu kiliondolewa, na vyombo vya habari vikaruhusiwa kuingiza viungo vyao moja kwa moja bila kupitia mtu. Siku za mwanzo tovuti ilianguka mara kwa mara, kwa kuwa mfumo wa hifadhidata nao ulibadilishwa wakati huohuo. Watumiaji walijibu kwa kutumia silaha waliyoachiwa, yaani kura: siku chache baada ya uzinduzi waliujaza ukurasa wa mwanzo kwa viungo vya Reddit, mshindani mkuu. Kitufe cha kuzika kilirudishwa baadaye, lakini wengi walikuwa wameshahamia kwa mshindani huyo. Oktoba 2010 kampuni ilipunguza asilimia 37 ya wafanyakazi wake, na Julai 2012 jina, tovuti na teknolojia yake vilinunuliwa na Betaworks kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa takriban dola 500,000.

Waliolalamika Digg hawakuwa wavivu wa kujifunza. Kazi iliyowaleta, ya kuamua habari ipi ipande na ipi izikwe, ilikuwa imechukuliwa na kupewa wachapishaji.

Hatua za mtumiaji

*1. Kuhakikisha kwamba tovuti ni ileile.* Ukurasa wa mwanzo uliobadilika ghafla unaweza kuwa wa matapeli. Kabla ya kuandika nenosiri, na hasa katika tovuti ya benki, ya huduma za pesa kwa simu au ya serikali, anwani iliyo juu ya kivinjari isomwe herufi kwa herufi. Kiungo kilichokuja kwa ujumbe mfupi au WhatsApp kisitumike. Anwani iandikwe upya kwa mkono. Tovuti halisi iliyobadilishwa huwa imelitangaza badiliko hilo kwenye kurasa zake rasmi.

*2. Kuupa mkono muda.* Kwa tovuti inayotumiwa kila siku, juma moja au mawili hutosha kuona ni kipi kinachozoeleka. Katika muda huo mtumiaji aandike mahali popote, hata kwenye daftari, kila mara anapokwama: alitaka kufanya nini, na nini kilimzuia. Yaliyoandikwa siku ya kwanza na hayakurudi tena yalikuwa ya mazoea. Yanayojirudia hadi siku ya kumi na nne ni ya kazi, na hayo ndiyo ya kupigania.

*3. Kutafuta njia zilizobaki.* Tovuti nyingi huacha mlango wa nyuma. Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilisha mwonekano wake tarehe 18 Januari 2023, wenye akaunti waliachiwa nafasi ya kurudi kwenye mwonekano wa 2010 kupitia mapendeleo yao. Reddit ilipojisanifu upya mwaka 2018, mwonekano wa zamani ulibaki katika anwani ya old.reddit.com. Kwa hiyo mipangilio ya akaunti ikaguliwe kabla ya kukata tamaa.

Palipo na toleo jipya pekee, njia hizi husaidia:

- Kuhifadhi kwenye kivinjari anwani ya ukurasa wa ndani unaotakiwa, kama ratiba au akaunti, na kuuruka kabisa ukurasa wa mwanzo.
- Kukuza maandishi, kwa kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha kwenye kompyuta, au kupitia mipangilio ya kivinjari kwenye simu.
- Kutumia hali ya kusoma ya kivinjari, inayoondoa mapambo na kubakiza maandishi.
- Kujiandikisha kwa RSS au kwa barua pepe, pale tovuti ya habari inapotoa huduma hiyo, ili vichwa vya habari vimfuate msomaji.
- Kutazama nakala ya zamani katika Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi kurasa za wavuti tangu 1996. Nakala hiyo hairudishi huduma, lakini ni ushahidi mzuri wa kile kilichokuwapo.

*4. Kukagua faragha.* Badiliko la mwonekano mara nyingine huja na badiliko la kinachoonekana. Jina, picha, namba ya simu, orodha ya marafiki na mahali mtu alipo vikaguliwe upya, ikiwezekana kwa kuutazama ukurasa wake bila kuingia kwenye akaunti, kama mgeni. Kinachofichuka bila ridhaa si suala la mazoea, na hakingojewi majuma mawili.

*5. Kuandika lalamiko linaloweza kufanyiwa kazi.* Anayeandika "Ukurasa wenu mpya ni mbovu, rudisheni wa zamani" amesema ukweli wake, ila hajampa fundi pa kuanzia. Lalamiko lenye nguvu linataja kazi moja, hali ya zamani, hali ya sasa, kifaa kilichotumika na ombi. Kwa mfano: "Awali ratiba ya safari ilifunguka kwa kubonyeza mara moja kwenye ukurasa wa mwanzo. Sasa nalazimika kubonyeza mara nne, na kwenye simu yangu ya Android yenye skrini ndogo kitufe cha mwisho kimefunikwa na tangazo. Naomba kiungo cha ratiba kirudishwe juu ya ukurasa." Picha ya skrini iambatishwe, baada ya kufunika majina na namba za siri. Lugha iwe ya heshima, kwani anayefungua barua hizo mara nyingi ni mfanyakazi wa huduma kwa wateja ambaye hakushirikishwa kuamua chochote. Lalamiko moja kwa kila kosa hufika mbali kuliko barua ndefu yenye makosa kumi.

*6. Kuungana na wengine.* Sauti ya mmoja hupotea kirahisi. Mwaka 2018, baada ya Snapchat kubadilisha mpangilio wa programu yake, zaidi ya watu milioni 1.2 walitia saini ombi la mtandaoni la kurudisha wa zamani. Robo ya pili ya mwaka huo idadi ya wanaoitumia kila siku ilishuka kutoka milioni 191 hadi milioni 188, na kampuni ikarudisha sehemu ya mpangilio uliozoeleka. Saini hupata uzito pale nyuma yake panapokuwa na watu wanaopunguza matumizi kwa kweli. Ombi la pamoja litaje mambo mawili au matatu yanayotakiwa, wala lisiwashambulie wafanyakazi kwa majina.

*7. Kuondoka kwa utaratibu.* Ikiwa kazi imeondolewa kabisa na maombi hayakujibiwa, kuhama ni haki ya mtumiaji. Kabla ya kuifunga akaunti, apakue picha, maandishi, risiti na anwani za watu wake. Sheria humsaidia hapa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mhusika haki ya kuzipata data zake na kuzihamisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inampa haki ya kupata taarifa zake zilizohifadhiwa. Wahenga walionya mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Tovuti mpya nayo ijaribiwe kwa siku kadhaa kabla ya ile ya zamani kufungwa.

Hatua za mwenye tovuti kabla ya kubadilisha

Swali la kwanza ni watu huja kufanya nini. Jibu limo katika kumbukumbu za tovuti yenyewe: kurasa zinazofunguliwa zaidi, maneno yanayotafutwa zaidi, vitufe vinavyobonyezwa zaidi. Ukurasa wa mwanzo wa chuo unaweza kujazwa picha za viongozi ilhali wengi wa wanaoufungua wanatafuta matokeo, ada na fomu ya kujiunga. Kazi tano au sita zinazofanywa zaidi ziorodheshwe, na mchoro mpya usikubaliwe mpaka kila moja ifanyike humo kwa urahisi ule wa zamani au zaidi.

Jaribio lifanywe na watu halisi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, ameeleza tangu 2000 kwamba watumiaji watano tu, wakitazamwa wanavyofanya kazi halisi, hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Watano hao wasiwe wafanyakazi wa ofisi yenye intaneti ya kasi. Awemo mtu wa simu ya bei nafuu, mtu wa makamo mwenye macho yaliyochoka, na inapowezekana mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Viwango vya WCAG vya shirika la W3C vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya cheupe, kinachopendwa na wasanifu wengi, mara nyingi hakifikii hapo.

Anwani za zamani zielekezwe kwenye kurasa mpya, la sivyo kila kiungo kilichohifadhiwa na wasomaji na kila kilichotajwa na tovuti nyingine kitakufa siku hiyohiyo. Akaunti nazo zihame pamoja na wenyewe. Duka la Uingereza Marks & Spencer lilipozindua tovuti mpya mwaka 2014, wateja waliosajiliwa zamani walitakiwa kujisajili upya, na katika robo iliyofuata mauzo ya mtandaoni yalishuka kwa asilimia 8.1.

Mwonekano, kazi na mitambo visibadilishwe kwa siku moja. Digg ilibadilisha vyote kwa pamoja, na watumiaji waliokuwa wamenyang'anywa kitufe walikuta pia tovuti haifunguki. Anayebadilisha kimoja kimoja hujua kila lalamiko limetoka wapi.

Mwisho, badiliko litangazwe mapema pamoja na sababu yake, na toleo la zamani liachwe kando kwa miezi michache. Idadi ya wanaoendelea kulitumia ni kipimo kizuri kuliko dodoso lolote.

Kusikiliza baada ya kuzindua

Majuma mawili ya kwanza malalamiko yote yapokelewe na kutiwa katika makapu matatu: mazoea, kazi, imani.

Kapu la mazoea hupungua lenyewe. Linahitaji maelezo mafupi, picha inayoonyesha kila kitu kimehamia wapi, na subira. Haifai kuwaambia watu kwamba watazoea; hata ikiwa ni kweli, neno hilo hulihamisha lalamiko kutoka kapu la kwanza hadi la tatu.

Kapu la kazi halipungui. Kila lalamiko lijaribiwe na mfanyakazi kwenye kifaa kama kile cha mlalamikaji. Likithibitika, lipangiwe tarehe ya marekebisho, na tarehe hiyo itangazwe. Kwa mfano, baada ya badiliko la 2023 wasomaji wa Wikipedia ya Kiingereza walilalamikia nafasi nyeupe pande mbili za maandishi, na njia ya kuupanua ukurasa ipo kwa anayetaka.

Kapu la imani hujibiwa siku hiyohiyo, na ajibu mwenye madaraka, kwa jina lake. Kilichofichuka kifichwe kwanza, maelezo yafuate. Kuomba radhi bila kurekebisha chochote huongeza hasira.

Idadi ya wanaofungua ukurasa isitumiwe peke yake kama dalili ya mafanikio, kwa kuwa mtu aliyepotea njia naye hufungua kurasa nyingi. Vipimo vya kweli ni wangapi wamemaliza kazi iliyowaleta, wametumia muda gani, na wangapi wamerudi juma lililofuata. Kimya nacho kipimwe. Anayelalamika bado anataka kubaki. Asiyetaka huondoka bila kuaga, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kurudi nyuma si aibu, ila kuna wakati wake. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia iliyoanzishwa mwaka 1997, ilianza kuwasukuma wasomaji wake kwenye toleo jipya lililoitwa Beta. Walilalamika kwa miezi kwamba toleo hilo linaharibu mijadala yao, ambayo ndiyo hasa iliyowaleta. Februari 2014, kuanzia tarehe 10 hadi 17, waliisusia tovuti kwa juma zima. Hatimaye Beta iliachwa na mwonekano wa zamani ukabaki. Lakini mwezi uleule wa mgomo baadhi yao walikuwa wamejijengea tovuti yao, SoylentNews, na kuhamishia huko mijadala yao.